Mbwa Hufunzwa kwa Gunia, si kwa Rungu

Mchezea mbwa humfuata msikitini. Ndivyo walivyosema wazee wetu wa Pwani, na kila aliyelelewa Mombasa, Lamu, Tanga au Unguja anaijua maana yake: usimzoeze mbwa, kwani hajui mipaka ya mazoea. Kwa hivyo najua kwamba baadhi ya wasomaji wapenzi wa ukurasa huu watastaajabu kuona leo nimeacha mashairi na ngoma, nikaishika habari ya mbwa. Tena si ya kumfukuza mbwa, bali ya kucheza naye. Nawaomba mnistahimilie mpaka mwisho. Jambo lenyewe nimelishuhudia kwa macho yangu, na ndani yake mna elimu ambayo mababu zetu wenye vyuo waliijua zamani, ila sisi tumeisahau.

Mahali nilipoliona ni Rhonda, mtaa wa watu wa kazi ulio upande wa magharibi wa Nakuru, jirani na Kaptembwo na si mbali na ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru. Udongo wa huko ni wa volkeno, mwepesi kama majivu, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 2021, lakini Rhonda ingali mtaa wa vyumba vya kupanga na vibanda vya mboga. Wala asidhani mtu kwamba sisi ni wageni kabisa huko. Nakuru nayo ina Bondeni yake, kama sisi tulivyo na Bondeni yetu Mombasa, na adhana husikika humo tangu enzi za wazee.

Kilichonipeleka Rhonda ni damu. Mtoto wa dada yangu ni bawabu wa usiku katika ghala moja mjini humo. Alipoajiriwa alikabidhiwa tochi, firimbi, koti zito la baridi, na mbwa. Tochi na firimbi hazikumpa tabu. Mbwa ndiye aliyemkondesha. Alikuwa mkali, lakini hakujua ukali wake ni juu ya nani: alimrukia mpita njia na mwenye ghala sawasawa. Akiuma, aliuma kwa ncha za meno tu, akaachia, akauma tena, akaachia, kama sindano ya cherehani. Na akiambiwa aache, hasikii. Msimamizi wa kazi akamwambia kijana wangu waziwazi: nakupa miezi minne, ama mbwa huyu ashikike, ama nitafute bawabu mwingine.

Mbwa yule alikuwa amelelewa kwa namna iliyozoeleka katika mitaa mingi, bara na pwani. Hufungwa mnyororo mfupi mchana kutwa, hutiwa pilipili katika chakula, hupigwa teke, hutupiwa mawe, ili ati awe mkali. Mkali huwa kweli. Lakini ukali huo ni woga uliovaa meno. Ua wa pili kutoka kwa mpwa wangu palikuwa na mbwa mwengine wa malezi hayo hayo, na huyo alikuwa amemuuma mkononi mtoto wa miaka sita aliyeingia kufuata mpira wake. Nilimwona mtoto huyo. Mkono ulikuwa umepona, lakini kila mbwa akibweka mtaani, yeye huingia ndani na kufunga mlango.

Hapo ndipo mpwa wangu alipopelekwa kwa mzee mmoja wa hapo hapo Rhonda, askari polisi mstaafu aliyefanya kazi na mbwa miaka mingi. Jina lake aliniomba nisiliandike, nami nimemwahidi. Nilipokwenda kumtazama kazini, alinipokea kwa adabu.

"Karibu, Mzee wa Pwani," aliniambia. "Wewe kaa upande huu upepo unakotoka, mate yasikufikie. Najua nyinyi mna masharti yenu."

Nilimshukuru, nikakaa juu ya kigoda, nikatazama.

Vyombo vyake vya kazi vilikuwa duni mno. Gunia kuukuu la kahawa lililokunjwa na kushonwa likawa kama mto mwembamba, lenye vishikio viwili vya kamba. Tambara la jinsi lililosokotwa. Ugwe mrefu. Mkanda mpana wa kumvisha mbwa kifuani. Hapakuwa na fimbo, wala mnyororo, wala pilipili.

"Hii kazi ni mchezo," alisema. "Mbwa akiona ni vita, umeshapoteza."

Mchezo wenyewe ni ule wa kuvutana, kama watoto wetu wanavyovutana kamba ufukweni. Mtu ashike upande mmoja wa gunia, mbwa ashike upande wa pili. Lakini ndani ya mchezo huo mna kanuni, na mzee alinieleza moja moja.

Kanuni ya kwanza: windo hukimbia, halijipeleki kinywani. Watu wengi humsukumia mbwa gunia usoni, na mbwa mwenye woga hurudi nyuma. Fundi hulivuta gunia chini, likaenda mbali naye kwa mikatomikato, kama panya anayetafuta shimo. Mbwa aliyezaliwa na silika ya kuwinda hawezi kuvumilia. Hulifuata na kulikamata.

Ya pili ni namna ya kushika. Mbwa mzima ana meno 42: ya mbele madogo ya kuguguna, chonge nne ndefu, kisha magego huko nyuma kwenye nguvu za taya. Mbwa mwoga hushika kwa meno ya mbele na ncha za chonge, tayari kukimbia. Mbwa mtulivu hushika kwa kinywa kizima mpaka kwenye magego, akatulia. Huo ndio mshiko unaotakiwa: umejaa, una nguvu, umetulia. Na hapa pana jambo litakalomshangaza msomaji: mshiko huo wa kinywa kizima una madhara machache kuliko ule wa cherehani. Mbwa anayeuma na kuachia na kuuma tena hufanya majeraha mengi na kuchana nyama. Aliyeshika mahali pamoja na kutulia hushikilia tu.

Ya tatu ndiyo siri ya kazi yote. Mbwa akishika kijuujuu, mzee huvuta gunia polepole, kwa mkazo ule ule, ili mbwa ahisi kwamba linataka kumponyoka. Kisha hulegeza kidogo. Katika nukta hiyo ya kulegezwa, mbwa husogea mbele ili ashike vizuri zaidi, na gunia huingia ndani ya kinywa. Papo hapo mzee huachia kabisa. Mbwa ameshinda! Huondoka na gunia lake akizunguka ua kichwa juu, na hapana mtu wa kumnyang'anya. Akiguguna badala ya kutulia, ugwe hukazwa tena, naye huona mali yake iko hatarini. Kwa siku nyingi za namna hiyo, mbwa hujifunza mwenyewe hesabu hii: kushika kwa ndani na kutulia ndiko kushinda, kugugunaguguna ndiko kupoteza.

Ya nne ni huruma kwa kiwiliwili. Gunia huvutwa sambamba na ardhi, si kwenda juu, wala mbwa hazungushwi hewani, kwa sababu shingo na uti wa mgongo huumia. Mahali pa kuchezea pawe pana ardhi ya kushikika, si sakafu ya kuteleza. Mbwa mchanga ana meno 28 ya utotoni, nayo huanza kung'oka anapofika kama miezi minne mpaka sita au saba. Wakati huo fizi humuuma, na fundi mwenye akili huacha kabisa kuvutana, au hutumia tambara laini bila kulivuta kwa nguvu. Akiumizwa wakati huo, atakumbuka aushi kwamba kushika ni maumivu.

Ya tano ni kuacha kabla ya kushiba. Dakika tatu, nne, tano, basi. Mchezo hukatizwa mbwa angali anautaka, kama mpishi mzuri anavyomwacha mgeni atamani kijiko kimoja zaidi.

Na ya sita, ambayo mzee alisema ndiyo kubwa kuliko zote, ni neno "Achia." Hapa sikuona ngumi wala kubanwa koo. Mzee alilishika gunia kwa mikono miwili, akalikaza kwenye paja lake, akanyamaza kama nguzo. Gunia lililokuwa hai likafa. Mbwa akavuta, hapana jawabu. Akavuta tena, hapana. Mwisho akafungua kinywa. "Achia," alisema mzee wakati ule ule, na mara akasema, "Shika!" gunia likafufuka, mchezo ukaanza upya. Kwa njia hii mbwa huelewa kwamba kuachia si hasara, bali ni mlango wa mchezo mwengine.

Nilimuuliza kama haogopi kwamba mbwa anayeachiwa ashinde atajiona bwana wa nyumba. Alicheka. Nami nina la kuongeza hapo, kwa kuwa hofu hiyo imechunguzwa na wenye elimu. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa Uingereza, Nicola Rooney na John Bradshaw, walichapisha utafiti wao juu ya mbwa 14 wa aina ya Golden Retriever waliochezeshwa mchezo wa kuvutana, mara wakiachiwa washinde, mara wakishindwa. Kushinda hakukuwafanya wajione mabwana. Baada ya mchezo, wawe wameshinda au wameshindwa, walikuwa wasikivu zaidi kwa mtu aliyecheza nao.

Wala si fikira ya Rhonda peke yake. Mji wa Ghent, Ubelgiji, ulianza kutumia mbwa wa polisi mwaka 1899, na mwaka huo huo Max von Stephanitz na wenziwe wakaanzisha chama cha mbwa wa kichungaji wa Kijerumani. Baadaye Wajerumani wakaweka mtihani wa mbwa wa ulinzi, ambao hata leo hufanywa katika nchi nyingi. Katika mtihani huo mwamuzi hutazama mambo haya haya: je, mbwa ameshika kwa kinywa kizima? Ametulia? Na je, ameachia kwa neno moja? Mbwa mwenye mshiko wa chuma asiyejua kuachia hafuzu.

Nilipokuwa nimekaa juu ya kigoda kile, akili yangu ilikwenda chuoni, katika darsa za fiqhi nilizosoma ujanani. Sisi tufuatao madhehebu ya Imamu Shafi tunajua vyema kwamba mbwa ni najisi, na chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo haikubadilika kwa safari yangu ya Nakuru. Lakini najisi ni jambo moja, na uadui ni jambo jengine. Katika Sura ya Kahf, aya ya 18, Mwenyezi Mungu amemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, amejinyosha mlangoni mwao. Hadithi sahihi zimemruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa shamba, na wanazuoni wakakisia hapo mbwa wa kulinda nyumba. Na kuna ile habari mashuhuri ya aliyemteremkia mbwa kisimani kwa ajili ya kiu, akasamehewa dhambi zake.

Zaidi ya hayo, Sura ya Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Wanafiqhi wakauliza: ni yupi huyo aliyefunzwa? Wakaweka masharti: akitumwa aende, akikatazwa akome, akikamata asile, na yote hayo yakariri mpaka iaminike kwamba ni tabia yake. Mbwa akila windo, basi amejikamatia nafsi yake, hakumkamatia bwana wake. Tazama basi, ndugu msomaji! Karne nyingi kabla ya Ghent na Ujerumani, vitabu vya vyuoni kwetu vilikwisha sema kwamba thamani ya mbwa haimo katika kuuma, bali katika kutii wakati wa kuuma. Yule mzee wa Rhonda hajasoma matini hizo, lakini gunia lake linasema maneno hayo hayo.

Na tusijidanganye kwamba sisi wa Pwani hatuna haja na elimu hii. Visiwani Unguja na Pemba wasasi wametumia mbwa tangu zamani kuwafukuza nguruwe mwitu mashambani. Katika bandari ya Kilindini mbwa wametumiwa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa katika shehena. Mradi mmoja wa kuwafunza mbwa wa kazi hiyo ulianza mwaka 2014 huko Usa River, karibu na Arusha. Watu hudhani mbwa wa kunusa hulipwa nyama. Aghalabu mshahara wake ni mpira au kitambaa cha kuvutana na bwana wake kwa dakika chache. Na katika majumba ya Nyali na Malindi, mabawabu wangapi ni vijana wetu wenyewe, wanaokesha na mbwa ambao hakuna aliyewafundisha kuwaongoza?

Mpwa wangu naye alikuwa na swali lake. "Mjomba," aliniuliza, "na sala yangu je?" Nikamwambia aliyoyajua tayari ila alitaka kuyasikia kwa mkubwa: kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi, bali majimaji na mate ndiyo ya kuoshwa. Amejiwekea ovaroli na glavu za kazi peke yake, ndoo yake, na kopo la udongo safi. Alfajiri akitoka zamu huosha kwa utaratibu unaojulikana, huvaa kanzu yake, huenda msikitini. Mbwa hakumfuata.

Nilirudi Nakuru baada ya miezi minne. Mbwa yule wa ghalani hakuwa amegeuka malaika. Bado alimnguruma mgeni, na mzee alisema woga aliolelewa nao hautakwisha wote. Lakini alishika gunia kwa kinywa kizima, akatulia, na mpwa wangu aliposema "Achia," aliachia, akaketi akimtazama usoni akingoja neno jengine. Siku ya mtihani wao msimamizi alitazama mara tatu, akasema tu, "Haya, endelea na kazi." Kwa kijana mwenye mke na watoto wawili, maneno manne hayo yalikuwa makubwa.

Mwenye mbwa wa ua wa pili, hata hivyo, hajashawishika. Mbwa wake angali katika mnyororo, na angali anapewa pilipili. "Mbwa wa kucheza atamshika mwizi gani?" aliniuliza kwa kejeli. Nilimjibu kwa methali yetu: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa huchukua tabia ya mwenyewe. Aliyefunzwa kwa woga humuuma aliye dhaifu na aliye karibu, naye ghalibu ni mtoto, si mwizi.

Na hapa niseme la mwisho lenye uzito. Kuvutana gunia na kufundisha neno "Achia" kunamfaa kila mwenye mbwa wa lindo. Lakini kumfundisha mbwa amshike binadamu ni kazi ya mafundi walioisomea. Asiijaribu mtu uani kwake. Kila mbwa na achanjwe kichaa cha mbwa, kwa kuwa Kenya ilijiwekea mwaka 2014 shabaha ya kuumaliza ugonjwa huo kwa wanadamu ifikapo 2030, na shabaha hiyo haifikiwi kwa karatasi. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Asingoje kuona dalili, kwa sababu zikishadhihiri, huwa muda umepita.

Kwa mabawabu wetu walio macho usiku huu, bara na pwani, nawaachia ubeti huu mmoja:

Mbwa hafunzwi kwa rungu, hufunzwa kwa utulivu,
Kamba iso na machungu, humpa meno na nguvu,
Akiuma kama pingu, aachie kwa wekevu,
Ndilo funzo kwa wenzangu, kwa mlezi msikivu.